Mwaka Wako, Mwaka Wangu

Baba alipofariki mwaka 1984 alituachia miembe minne ya dodo iliyoota nyuma ya nyumba yetu, upande wa Pangani, na sharti moja. Miembe isikatwe wala isiuzwe. Mwaka mmoja maembe yatakuwa ya kaka yangu, mwaka unaofuata yatakuwa yangu, na hivyo hivyo daima. Kaka ndiye mkubwa, kwa hiyo yeye aanze. Wazee waliokuwapo walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na kama kuna mtu aliyepaswa kuuliza swali siku ile, ni mimi. Sikuuliza. Mwaka wako, mwaka wangu: nani angeona kasoro hapo?

Ndugu msomaji anayejua mwembe amekwisha kucheka. Mwembe si ng'ombe wa maziwa. Ukizaa sana mwaka huu, nguvu zake zote zimekwenda kwenye matunda, na mwaka unaofuata hupumzika. Hutoa majani mengi, maua machache, na matunda ya kuonja tu. Kisha huzaa tena. Baba alijua hilo, maana alilisema mara nyingi tulipokuwa watoto. Nadhani siku alipotoa wasia alikuwa akiwafikiria wanawe wawili, wala hakuwa akiifikiria miti.

Niliweka daftari. Msimu wa 1985 kaka aliangua matenga 41. Wangu wa 1986 ulitoa 6. Kisha yeye 38, mimi 9. Yeye 44, mimi 5. Kufikia mwisho wa msimu wa 1990, kila mmoja alikuwa amepata zamu tatu, sawasawa na wasia. Kaka alikuwa na matenga 123, mimi nina 20. Nilipomwonyesha daftari alilitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Mdogo wangu, baba aligawa miaka, hakugawa matenga. Miaka mitatu kwangu, mitatu kwako. Wewe ndiye mwalimu, nitafutie kosa hapo." Nilishindwa kulipata kosa, nikakasirika zaidi. Tuliachana vibaya, na kwa miezi mingi hatukusalimiana isipokuwa mbele ya mama.

Ni katika likizo ya mwaka ule, nikiwa nimejificha maktabani nisiende nyumbani, nilipokutana na ndugu wengine wawili waliokuwa na wasia kama wetu. Walikuwa katika kitabu cha historia ya hisabati. Ndugu hao hawakuwahi kuishi. Walibuniwa na mtawa wa Kiitalia aitwaye Guido Grandi, aliyezaliwa Cremona mwaka 1671 na akafundisha katika Chuo Kikuu cha Pisa. Baba yao, asema Grandi, aliwaachia kito cha thamani kubwa, akakataza kisiuzwe. Wakakubaliana kikae kwa mmoja mwaka huu na kwa mwingine mwaka ujao, na wajukuu wao waendelee hivyo milele. Je, kila ukoo unamiliki kiasi gani cha kito? Nusu, ingawa kito chenyewe hakikatwi hata siku moja.

Sikuweza kukifunga kitabu.

Grandi alikuwa akijitetea. Mwaka 1703 alikuwa ametoa kitabu ambamo ndani yake kulikuwa na hesabu fupi iliyowaudhi wenzake. Chukua moja, utoe moja, ujumlishe moja, utoe moja, na uendelee bila kukoma: 1 − 1 + 1 − 1 + 1 − 1... Jumla yake ni ngapi? Ukiziweka namba mbili mbili ndani ya mabano, kila bano linatoa sifuri, na sifuri nyingi kiasi gani hubaki sifuri. Lakini ukiiacha moja ya kwanza nje ya mabano, na kuziweka zilizobaki mbili mbili, unapata moja na sifuri nyingi, yaani moja. Namba ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kilichosogea ni mabano tu.

Grandi alikuwa na njia ya tatu. Gawanya 1 kwa 1 + x, kwa njia ndefu ile tuliyofundishwa shuleni, nawe utapata 1 − x + x² − x³ na kuendelea. Sasa mahali pa x weka 1. Upande mmoja una moja gawanya kwa mbili, upande wa pili una ule mfululizo wetu. Basi jumla ni nusu. Mimi darasani nilikuwa nikiionyesha kwa njia fupi zaidi: iite jumla hiyo J. Ukiiondoa moja ya kwanza, kinachobaki ni mfululizo ule ule ukiwa umegeuzwa alama, kwa hiyo J ni sawa na 1 kutoa J. Mbili J ni moja, J ni nusu. Wanafunzi hupenda sana hesabu hii, kisha hukaa wakiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo ni dalili njema.

Kwamba sifuri nyingi zilizojumlishwa zinaweza kutoa nusu kulimfurahisha Grandi kupita kiasi. Alikuwa mtawa, na aliona hapo mfano wa namna Mungu alivyoweza kuumba ulimwengu kutokana na utupu. Wenzake hawakufurahi. Ndipo mwaka 1710, katika toleo la pili la kitabu chake, akawaleta wale ndugu wawili na kito chao.

Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani, hakuupenda mfano wa kito, lakini jibu la nusu alilikubali. Katika barua kwa Christian Wolff, iliyochapishwa mwaka 1713, alieleza hivi kwa ufupi. Jumlisha hatua kwa hatua. Baada ya hatua ya kwanza una 1. Baada ya mbili una 0. Baada ya tatu una 1. Baada ya nne una 0. Ukisimama kwenye hatua ya witiri, jibu ni moja. Ukisimama kwenye ya shufwa, ni sifuri. Lakini mfululizo usiokoma hausimami popote, wala hesabu ya hatua zake si witiri wala shufwa. Majibu yote mawili yana haki sawa, basi shika la katikati. Mwenyewe alikiri kwamba hoja hiyo ilielekea zaidi upande wa falsafa kuliko wa hisabati. Napenda ukiri huo. Kwa miaka mingi nimewaona watu wenye elimu ndogo kuliko ya Leibniz wasioweza kukiri nusu yake.

Nilichukua karatasi pale maktabani. Kila zamu ya kaka nikaiandika kama kujumlisha moja, kila zamu yangu kama kutoa moja. Nilipojumlisha hatua kwa hatua nikaona jambo ambalo baba, wazee, kaka na mimi hatukuliona. Mwaka wa kwanza kaka amenitangulia kwa zamu moja. Mwaka wa pili tuko sawa. Wa tatu amenitangulia kwa moja. Wa nne tuko sawa. Mimi simtangulii hata mara moja! Nikichukua wastani wa miaka yote, kaka yuko mbele yangu kwa nusu zamu. Ile nusu ya Grandi, iliyobishaniwa na watawa na wanafalsafa, ilikuwa ni faida ya yule aliyeanza. Hata kama miembe ingezaa sawa kila mwaka, nusu hiyo ingekuwapo.

Lakini nusu zamu si matenga 103. Kito cha Grandi hakina mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika, mwembe unao. Zamu zetu zilijirudia kila baada ya miaka miwili, na miti nayo ilijirudia kila baada ya miaka miwili, na mizunguko hiyo miwili ilikuwa imeshikana mikono. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na sikulipata mapema kwa sababu nilikuwa nikitazama mzunguko mmoja tu.

Nirudi kwa mabwana wa Ulaya kidogo, kwa sababu nao walijikwaa mahali pa jinsi hiyo. Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1755, alifikiri amemaliza ugomvi: jumla ya mfululizo kama huu, alisema, ni thamani ya ile hesabu fupi iliyouzaa. Umezaliwa na moja gawanya kwa 1 + x? Basi jumla ni nusu. Ni sawa, mpaka anapotokea mtu na kusema kwamba mtoto huyu ana wazazi wengine. Mtu huyo alikuwa Mfaransa aitwaye Callet. Alichukua 1 + x, akaigawanya kwa 1 + x + x². Matokeo ni 1 − x² + x³ − x⁵ + x⁶ na kuendelea. Weka 1 mahali pa x: upande wa kulia ni ule ule mfululizo wetu, moja toa moja jumlisha moja toa moja. Upande wa kushoto ni mbili gawanya kwa tatu. Sasa jumla ni theluthi mbili!

Lagrange ndiye aliyetoa jibu, nalo ni jibu ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Angalieni vizuri, alisema. Mfululizo wa Callet haufanani na wa Grandi. Hauna x yenyewe, wala x ya nne, wala ya saba. Mahali hapo pana sifuri, nasi tumeipita bila kuihesabu. Ukiiandika, mfululizo ni 1 + 0 − 1 + 1 + 0 − 1. Jumlisha hatua kwa hatua: moja, moja, sifuri; moja, moja, sifuri. Katika kila hatua tatu, mbili zina moja. Wastani ni theluthi mbili, na kila kitu kimekaa mahali pake. Daniel Bernoulli naye alikuwa ameonyesha mwaka 1771 kwamba ukichomeka sifuri unapotaka unaweza kuusogeza wastani utakapo kati ya sifuri na moja.

Sifuri si kitu, tunawafundisha watoto. Ukiijumlisha haiongezi, ukiitoa haipunguzi. Lakini katika mpangilio unaojirudia, sifuri hushika nafasi kama mgeni asiyekula anavyoshika kiti. Miaka ambayo mwembe hauzai ni miaka pia, na kaka yangu alikuwa ameniachia viti vitupu vyote.

Karne iliyofuata ilikuwa kali. Cauchy, katika kitabu cha mwaka 1821 alichowaandikia wanafunzi wa École Polytechnique mjini Paris, alitangaza kwamba mfululizo usiotulia kwenye namba moja hauna jumla, basi. Abel, kijana wa Norwei aliyefariki akiwa na miaka 26 tu, alimwandikia mwalimu wake Holmboe mwaka 1826 akizilaani jumla za jinsi hiyo na kuzihesabu kuwa kazi ya shetani. Walikuwa na haki, kwa maana watu walikuwa wakizitumia ovyo. Hata hivyo nusu ya Grandi haikufa. Mwaka 1890 Ernesto Cesàro, mzaliwa wa Naples, aliipa heshima yake kwa njia ya kawaida kabisa: acha kuuliza jumla hutulia wapi, uliza wastani wa jumla za hatua hutulia wapi, na uite kwa jina lake ili asiwepo wa kudanganyika. Ni hoja ya Leibniz bila ya falsafa. Mwaka 1900 kijana wa Hungaria, Lipót Fejér, mwenye miaka 20, alionyesha kwamba wastani huo huo unaokoa mifululizo ya Fourier, ile inayotumika kuchambua joto na sauti, mahali ambapo kujumlisha kwa kawaida hushindwa. Cesàro mwenyewe alifariki mwaka 1906, baharini, akijaribu kumwokoa mwanawe asizame. Nimetaja hilo kwa sababu nilipolisoma nilikaa kimya siku nzima, nikimfikiria baba.

Nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi zangu. Nilidhani nitamweleza kaka kuhusu mizunguko miwili iliyoshikana, pamoja na Lagrange na theluthi mbili. Mama aliita kikao, akamwalika shangazi yetu mkubwa, dada wa baba, mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga darasa. Nilisoma karatasi ya kwanza. Nilipoanza ya pili shangazi aliinua mkono.

"Wanangu," alisema, "mwembe unafanya kazi mwaka, unalala mwaka. Huyu kila akija anaukuta umeamka, huyu kila akija anaukuta umelala. Kaeni miaka miwili miwili. Kila mtu aukute ukiwa macho, na aukute ukiwa usingizini."

Ikawa kimya. Kaka aliangalia chini, mimi niliangalia karatasi zangu. Nilipiga hesabu kichwani na hapakuwa na la kuongeza. Katika miaka miwili mfululizo, lazima mmoja uwe wa kuzaa na mmoja wa kupumzika, popote utakapoanzia.

Kaka alisema jambo moja tu: kwamba mdogo aanze, kwa sababu yeye aliwahi kuanza. Kwa hiyo mwaka 1991 na 1992 ilikuwa zamu yangu, 1993 na 1994 yake. Kuhusu yaliyopita, nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba matenga yote ya miaka sita ni 143, nusu yake ni 71 na nusu, mimi nilikuwa na 20, kwa hiyo nadai 51 na nusu. Mama aliniambia nilifunge daftari. Nililifunga, lakini kaka alikuwa ameshaiona ile namba.

Msimu wa 1993, nikiwa kazini, utingo wa basi alinishushia tenga moja likiwa limejaa maembe mpaka katikati. Juu yake kulikuwa na kipande cha karatasi, mwandiko wa kaka: "Nusu hiyo hapo. Zimebaki 51." Nilicheka peke yangu pale stendi mpaka watu wakanitazama. Hakuwahi kulipa yaliyobaki, nami sikuwahi kudai, ila kila tulipokutana aliniuliza kama deni limeshazaa riba.

Mpango wa shangazi ulijaribiwa mwaka 1997. Huo ulipaswa kuwa mwaka wa kuzaa, na zamu ilikuwa ya kaka. Zikaja mvua za El Niño, zikaangusha maua na matunda machanga, na kaka akaambulia matenga manane. Majirani wakasema sasa atanuna yeye. Lakini miti iliyokuwa haijachoka ilizaa sana mwaka 1998, ambao kwa kawaida ungekuwa wa kulala, na huo nao ulikuwa wake. Mzunguko wa miembe ulikuwa umehama kwa mwaka mmoja. Kwa mpango wa baba, kuhama huko kungemfanya kaka awe mnyonge na mimi niwe mfalme. Kwa mpango wa shangazi hatukubadilisha hata kitu kimoja.

Nimebaki na jambo moja ambalo shangazi hakuliona, na ambalo mimi nililigundua nikiwa nimestaafu. Chukua miaka miwili miwili kama tulivyofanya: jumlisha, jumlisha, toa, toa. Jumla za hatua ni moja, mbili, moja, sifuri, na wastani wake ni moja. Yaani anayeanza hutangulia kwa zamu nzima, maradufu ya ile nusu ya Grandi. Nami ndiye niliyeanza mwaka 1991. Lakini kama wa kwanza angechukua mwaka mmoja tu, kisha mwenzake miwili, kisha yeye miwili, na kuendelea, jumla za hatua zingekuwa moja, sifuri, kasoro moja, sifuri, na wastani wake ni sifuri kamili. Mpango ni ule ule wa miwili miwili, ila umeanzishwa katikati. Asiyekuwa na faida hapo ni nani? Hakuna.

Nilimpelekea kaka hesabu hiyo mwaka 2010, akiwa tayari mgonjwa. Nilimweleza kwamba kwa miaka yote hiyo, kwa wastani, nilikuwa mbele yake kwa zamu moja, na kwamba kwa haki lazima nikate kitu katika yale matenga 51. Aliniuliza nikate ngapi. Nikamwambia inategemea, kwa sababu zamu moja inaweza kuwa mwaka wa matenga 41 au mwaka wa matenga 6. "Basi hujui," akasema. Nikakubali kwamba sijui. Alifurahi sana, akamwita mkewe aje asikie mwalimu akisema hajui.

Alifariki mwaka 2011, zamu ikiwa yangu. Mwembe mmoja umeanguka tangu hapo, imebaki mitatu. Wanawe na wanangu wanaendelea miwili miwili, na daftari analo binti yake wa kwanza, ambaye naye anafundisha. Katika ukurasa wa nyuma ameandika 51, na hajaifuta.